Kwenye Foleni Hakuna Upepo: Kuzuia Injini ya Pikipiki Isichemshe

Wadogo zangu, asanteni kwa kuja. Najua kila dakika mnayokaa hapa, kuna abiria anachukuliwa na kijiwe cha jirani, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Tazameni injini ya pikipiki yoyote iliyoegeshwa hapo nje. Mnaona yale mapezi yaliyopangana kwenye bloku na kwenye silinda hedi? Kazi yake ni kuutoa moto wa injini na kuukabidhi kwa upepo. Gari lina maji, rejeta na feni. Hata Vespa, ambayo injini yake imefunikwa, ina feni inayozunguka pamoja na injini. Boxer yako haina. Feni yake ni mwendo wako.

Sasa toka Kimara saa 12 asubuhi, ufike Ubungo magari yamesimama, trafiki ameshikilia upande wenu. Injini inaendelea kuunguza petroli, na sehemu kubwa ya nguvu ya petroli hiyo haisukumi tairi, inageuka joto. Mapezi yapo, upepo haupo. Na mchana wa Januari au Februari hapa Dar es Salaam hewa yenyewe inafika nyuzi 31 au 32, na wewe umezungukwa na mabasi yanayokupumulia moshi miguuni.

Hapo anayekuokoa ni oili, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Pikipiki nyingi zenye injini ya cc 100 mpaka 150 zinabeba oili kama lita 1 tu. Hiyo lita 1 inalainisha pistoni, inalainisha gia, klachi inaogelea humo humo, na ndiyo inayobeba joto kulitoa ndani. Ikipungua robo lita, umeondoa robo ya msaada wako wote. Gari likipungukiwa robo lita linaweza lisionyeshe dalili. Pikipiki itaonyesha, na itaonyesha ukiwa katikati ya foleni.

Kwa hiyo oili ipimwe kila asubuhi, injini ikiwa imepoa, pikipiki imesimama wima kwenye stendi kubwa. Ukiipima imeegemea stendi ya pembeni, umejidanganya. Na ununue oili ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA kwenye kopo. Oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano. Kwa gari ni nzuri, lakini kwenye klachi yako inayoogelea humo inafanya sahani ziteleze. Klachi ikiteleza inazalisha joto, na joto hilo linarudi kwenye oili ile ile.

Jambo la pili linaniuma, kwa sababu sisi mafundi tuna mkono ndani yake. Dereva anakuja: "Fundi, nipunguzie mafuta, inakula sana." Fundi anakaza kabureta, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli kidogo. Siku mbili tatu dereva anafurahi. Lakini mchanganyiko mkavu namna hiyo unaipandisha injini joto, na kwenye foleni hakuna upepo wa kulipunguza. Kuna kijana aliniletea pikipiki juu ya guta. Nilipofungua plagi, ncha ilikuwa nyeupe kama chokaa. Nilipofungua bloku, pistoni ilikuwa imekamata. Pistoni ni alumini, shati la silinda ni chuma, na alumini hutanuka karibu mara 2 ya chuma. Nafasi kati yao haifiki hata sehemu 1 ya 10 ya milimita. Joto likizidi, nafasi hiyo inakwisha. Alichookoa kwenye petroli hakikufika hata bei ya ringi. Plagi yenye afya ina rangi ya kahawia. Ukiona nyeupe, mwambie fundi airudishe kabureta ilivyokuwa, na akague kama mpira wa kabureta umepasuka, maana hewa huingilia hapo pia.

Kulitoa chujio la hewa ili pikipiki "ipumue" ni kosa lile lile, na vumbi juu yake.

Mkiwa ndani ya foleni, acheni kutambaa na klachi nusu. Subiri nafasi ifunguke mbele yako, ingiza gia ya 1, achia klachi yote, sogea, kisha rudisha frii. Ukiona kusimama kunazidi dakika moja, zima. Usipige resi ukidhani unaipoza. Bila mwendo unaongeza moto tu. Na lile turubai au gunia mlilofunga kwenye ngao ya mbele kuzuia matope, limeziba njia ya upepo. Litoeni. Matope yaliyokauka kati ya mapezi nayo yasuguliwe kwa brashi, injini ikiwa ya baridi.

Ikianza kupungua nguvu, ikagonga ndani unapovuta mafuta, ukasikia harufu ya oili kuungua, toka barabarani. Mwombe abiria radhi, mtafutie mwenzako ampeleke. Zima, weka kivulini, ngoja nusu saa. Nawasihi, msimwage maji! Nimeona silinda hedi iliyopinda kwa sababu ya ndoo moja ya maji: upande mmoja unapoa ghafla, mwingine bado unawaka, gasketi inaachia.

Haya, wa mbele hapo, ingiza pikipiki yako ndani. Ipandishe stendi kubwa. Ikipoa tunafungua plagi, kila mtu aone rangi yake.