Kabla Baridi Haijaingia: Kumwandaa Mwanafunzi wa Ughaibuni kwa Msimu wa Homa ya Mafua

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko nyumbani, asalaam aleikum na habari za siku nyingi. Nazungumza nanyi kutoka jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, na leo nina jambo moja tu: namna ya kumwandaa mwanafunzi, pamoja na wale anaoishi nao chuoni, kwa msimu wa homa ya mafua. Ninawalenga hasa wazazi ambao watoto wao wameanza masomo huku mwezi wa Agosti, kwa sababu kila mwaka naona masanduku yakifika yamejaa majani ya chai, viungo vya pilau na unga wa sembe, lakini ni nadra kukuta ndani yake kipimajoto.

Nawaelewa. Kwetu mafua ni ugonjwa wa tangawizi, asali na limau, na anayelala kitandani kwa sababu ya mafua huonekana kuwa anajidekeza. Homa ya mafua inayoletwa na virusi vya influenza ni ugonjwa mwingine: joto la mwili hupanda ghafla, misuli yote huuma, kikohozi huwa kikavu na kizito, na kijana mwenye nguvu zake anaweza kulala siku kadhaa bila hamu ya chakula. Virusi hivi hata nyumbani vipo, ila katika nchi za joto kama zetu huzunguka karibu mwaka mzima. Huku hujikusanya katika msimu mmoja unaoanza kama Oktoba na kuendelea hadi Mei, na mara nyingi kilele chake huwa kati ya Desemba na Februari, wakati ambapo madirisha yamefungwa, hewa ya ndani imekaushwa na mitambo ya kupasha joto, na watu wote wamejifungia pamoja. Bwenini wanafunzi wawili au watatu hulala chumba kimoja, hutumia bafu na wenzao wa korido nzima, na hula katika ukumbi mmoja na mamia ya wengine. Zaidi ya hayo, aliyeambukizwa anaweza kuanza kuwaambukiza wenzake siku moja kabla hajahisi dalili yoyote, kwa hiyo kumkwepa anayekohoa hakutoshi.

Hapa Michigan tunao mfano ambao wanaoshughulika na afya ya wanafunzi wanaukumbuka vizuri. Mwaka 2021, baada ya msimu mzima ambao homa ya mafua ilikuwa karibu kutoweka kwa sababu ya tahadhari za korona, virusi vya aina ya H3N2 viliingia Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa tarehe 6 Oktoba, na kufikia tarehe 19 Novemba kituo cha afya cha chuo kilikuwa kimethibitisha wagonjwa 745, kiasi kwamba taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilituma wataalamu wake kuchunguza, huku wanafunzi wakijiandaa kusafiri kwenda kwa familia zao kwa sikukuu ya Shukrani. Naomba mzingatie tarehe hizo: mlipuko ulianza mapema Oktoba, kabla ya theluji, wakati wanafunzi wengi walikuwa bado hawajachanjwa. Anayesema atachanja baridi ikianza huwa amekwisha kuchelewa, kwa kuwa mwili huhitaji takriban wiki mbili baada ya sindano ili kujenga kinga.

Mfano huohuo una upande mwingine ambao sitauficha, maana naamini watu huiamini chanjo zaidi wanapoambiwa ukweli wote. Uchunguzi wa Ann Arbor ulionyesha kwamba kiwango cha waliochanjwa hakikutofautiana sana kati ya waliokutwa na virusi na wale ambao hawakukutwa navyo. Yaani mwaka ule chanjo haikuzuia vizuri maambukizi ya virusi vile. Virusi vya influenza hubadilika daima, na Shirika la Afya Duniani hulazimika kuchagua mwezi wa Februari aina zitakazoingizwa katika chanjo ya nusu ya kaskazini ya dunia, miezi mingi kabla ya msimu wenyewe. Mwaka mwingine uchaguzi hulingana na virusi vinavyokuja, mwaka mwingine haulingani. Hata hivyo chanjo hupunguza uwezekano wa kuugua vibaya na kulazwa hospitalini, nayo hulenga aina zaidi ya moja, kwa hiyo mimi huchanja kila mwaka na ninawashauri wote wafanye hivyo kabla ya mwisho wa Oktoba. Sindano ya mwaka jana haitoshi, na si kweli kwamba sindano hii humpa mtu mafua, kwa sababu haina virusi hai. Anachoweza kupata ni maumivu ya mkono na uchovu wa siku moja au mbili. Vyuo vingi huweka vituo vya kuchanja ndani ya majengo yao kuanzia Septemba, na bima nyingi za wanafunzi hulipia chanjo hiyo yote. Mwanafunzi aulize tu, akiwa na kadi yake ya bima mkononi.

Sasa nigeukie dawa, maana hapa ndipo upendo wa wazazi unapoweza kuleta madhara. Wazazi wengi huwafungia watoto amoksilini, kwa sababu nyumbani huinunua dukani pasipo cheti cha daktari. Antibayotiki huua bakteria na haina nguvu yoyote juu ya virusi vya mafua. Tafadhali msiifungashe. Aspirini nayo isitolewe kwa watoto na vijana wanaougua homa ya mafua, kwa kuwa imehusishwa na ugonjwa adimu lakini mbaya unaoshambulia ini na ubongo, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mara nyingi ana miaka 18 tu. Parasetamoli inafaa, ila dawa nyingi za maji na vidonge vya mafua vinavyouzwa huku tayari zina parasetamoli ndani yake, ikiandikwa kwa jina la acetaminophen. Anayemeza Panadol za kutoka nyumbani na kunywa juu yake dawa ya mafua ya huku anaweza kupita kiwango cha juu cha mtu mzima, gramu 4 kwa siku, na kuumiza ini lake bila kujua.

Jambo ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha, na ambalo ndilo lililonisukuma kurekodi video hii, linahusu malaria. Mtu aliyewasili kutoka Mwanza, Kisumu, Bujumbura au Kigoma, au aliyekwenda nyumbani likizo ya Desemba na kurudi Januari katikati ya msimu, akipata homa kali na maumivu ya viungo, anaweza kuwa na mafua, anaweza kuwa na malaria, na anaweza kuwa na vyote viwili. Muuguzi wa chuo anayepokea wagonjwa wa mafua kutwa nzima hatafikiria malaria asipoambiwa. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya mwanafunzi huyo iwe hii: nimetoka katika eneo lenye malaria, tarehe fulani, naomba nipimwe leo. Aseme hivyo hata kipimo cha mafua kikionyesha kwamba anayo, na hata kama miezi kadhaa imepita tangu asafiri. Sisi tuliokulia na malaria huona ni ugonjwa wa kawaida, lakini malaria iliyocheleweshwa inaua, na huku inaweza kucheleweshwa na madaktari wazuri kabisa ambao hawajaambiwa tu.

Ikiwa ni mafua, zipo dawa za virusi kama oseltamiviri, ambazo hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Mwenye pumu, kisukari, selimundu au virusi vya UKIMWI, pamoja na mjamzito, asisubiri hata siku moja kuona kama itapungua yenyewe. Wengine wapumzike chumbani, wanywe maji mengi, wavae barakoa wanapolazimika kutoka, na wasirudi darasani mpaka zipite angalau saa 24 bila homa, pasipo msaada wa dawa ya kuishusha, huku dalili nyingine zikipungua. Mwalimu aandikiwe barua pepe siku ileile ya kwanza. Na ni vyema wanaoishi chumba kimoja wakubaliane mapema, wangali wazima, nani atamletea mwenzake chakula mlangoni.

Wapo ambao kupumzika kwao kuna gharama. Wanafunzi wetu wengi wenye viza ya F-1, ambayo huwaruhusu kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, hufanya kazi katika kumbi za chakula na hulipwa kwa saa, na sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kumlipa mgonjwa. Nawaona wakienda kazini na homa kwa sababu kodi ya chumba inawasubiri. Chuo kinachotumia fedha kuweka vitakasa mikono kila mlangoni, kisha kikamwacha anayepakua chakula achague kati ya afya ya wenzake na kodi yake, hakijajiandaa, na jumuiya zetu za wanafunzi ziliseme hilo kwa uongozi mwezi wa Septemba, si Februari. Wakati huohuo sisi wenyewe tunaweza kuweka mfuko mdogo wa kumfidia mwenzetu zamu zake mbili au tatu.

Wazazi wangu, mtoto akipiga simu anaumwa, muulizeni anapumuaje, kifua kinamuuma, anakojoa, na kama homa ilishuka kisha ikarudi kwa ukali zaidi. Akihema kwa shida, akiongea maneno yasiyoeleweka, au akishindwa kusimama, inatakiwa ipigwe 911, namba ya dharura ya huku, papo hapo, na ninyi mlioko ng'ambo ya bahari, saa saba au nane mbele yetu, hamtaweza kuipiga kwa niaba yake. Kwa hiyo mwombeni leo namba ya simu ya anayelala naye chumba kimoja na ya ofisi ya dharura ya chuo, pamoja na jina la bweni na namba ya mlango wake.