Miguu mnayo, mbio je?

Wale mlionisikia Kasulu mnivumilie, leo narudia yaleyale na nitarudia tena. Kila nikija Kigoma lazima mtu anivute pembeni, eti mwalimu, vijana wetu wanapanda milima ya Manyovu na madumu ya mawese kwenye keria za baiskeli, hao ukiwapeleka kwenye mbio za baiskeli Ulaya si watashinda? Hawashindi. Wataachwa asubuhi na mapema.

Chukua Daniel Teklehaimanot, yule Mueritrea aliyestaafu. Picha yake mnaijua, jezi nyeupe ya madoa mekundu, ile ya anayeongoza kwa pointi za milima, Tour de France 2015, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, Mwafrika mweusi wa kwanza kuivaa. Aliipataje sasa? Mnadhani alipanda milima ya Alps akaacha watu wanahema? Wala! Siku ya sita, Abbeville kwenda Le Havre, pembezoni mwa bahari, milima yenyewe bado kabisa, njiani kuna vilima vitatu tu vya daraja la chini kuliko yote, na kila kimoja anayetangulia juu anapewa pointi moja. Moja! Daniel katoka kwenye kundi mapema na wenzake wawili, kilima cha kwanza kachukua, cha pili kachukua, cha tatu kachukua, ushindi wa siku hiyo kawaachia wenyewe, jioni kavalishwa jezi, kakaa nayo siku nne. Pointi tatu zile! Wewe wa Manyovu kilima kile ungekiona tambarare, sikatai, ila ungejua saa ngapi utoke kwenye kundi? Ungeweza kujificha upepo mgongoni kwa mwenzio, tairi lako karibu lilambe la kwake, kilomita kibao, bila kumwangusha?

Dumu halifundishi hayo, yanafundishwa na mbio. Kwao Eritrea zipo tangu enzi za Mtaliano, mtoto anakua anaziona Asmara barabarani. Halafu Daniel akapita kituo cha UCI, chama cha baiskeli cha dunia, pale Aigle, Uswisi, 2009 wakakuta mapigo ya moyo yana shida, akafanyiwa upasuaji, mwaka uliofuata kashinda Tour of Rwanda, hapo jirani tu. Hapa kwetu moyo ungekuwa hivyo nani angejua? Tungesema kijana mvivu.

Najua kuna wa kuniambia Chris Froome, yule bingwa wa Tour de France, kazaliwa Nairobi. Kazaliwa, ndiyo, akaenda Afrika Kusini, akaishia kushindana kwa bendera ya Uingereza. Tusipotezeane muda.

Daniel ana mengine, kuna Vuelta ya 2012, mbio za Hispania, kuna jezi ya milima ya Dauphiné, mbio nyingine za Ufaransa, 2015 na tena 2016, hizo nazikata, naona mwenyekiti anaangalia saa. Ninachotaka ni Jumapili moja kwa mwezi, Mwanga mpaka Ujiji na kurudi, asubuhi kabla magari hayajawa mengi, kibali tuombe polisi mapema. Baiskeli? Hizohizo za mawese, fungueni keria mje. Na yule anayenyoosha mkono kuuliza bei ya baiskeli ya kaboni, tukutane nje, hapa utanigombanisha na watu.