Magugu, Mundu na Pepeto: Mavuno ya Hukumu Kwenye Injili

ELIA: Karibuni tena wasikilizaji, tuko hapa Dodoma, watu wako shambani wanavuna mtama na uwele, nikasema dada Neema leo tuongelee mavuno ya kwenye Injili, maana yanavyohubiriwa mara nyingi ni vitisho tu.

NEEMA: Tena sana kaka. Mathayo 13, mfano wa Yesu wa magugu na ngano, adui kapanda magugu katikati ya ngano ya mtu, basi mtu anasimama madhabahuni anawanyooshea watu vidole, nyie magugu nyie. Wakati mwenye shamba mwenyewe aliwakataza watumwa wasing'oe mpaka mavuno, ndipo magugu yachomwe moto!

ELIA: Na mkulima wa huku anashangaa hapo. Kongwa, Chamwino, ukiona kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, unang'oa kabla hakijatoa mbegu, ukikiacha umeumia mpaka misimu mingine, sasa huyu anasema viacheni vyote vikue, ni kilimo gani hiki?

NEEMA: Ndo uzito wenyewe upo hapo. Kiduha ukikiona unakijua, lile gugu la kwenye mfano linafanana na ngano mpaka litoe masuke, na mizizi imeshashikana, ukivuta moja unang'oa na ngano. Halafu aya ya 39, wavunao ni malaika. Sio mchungaji, sio mzee wa kanisa, sio mimi.

ELIA: Ila dada kuna watu wanaigeuza, wanasema basi kanisani asionywe mtu. Mathayo huyohuyo sura ya 18 anasema ndugu yako akikosa nenda ukamwonye. Na ubishi ni wa zamani, mwaka 411 kule Karthago, Afrika Kaskazini, askofu Augustino alisema ndani ya kanisa wamo wema na wabaya pamoja, Wadonati, Wakristo waliojitenga wakitaka kanisa la watakatifu tu, wakamjibu shamba ni ulimwengu, sio kanisa, Yesu mwenyewe kasema. Kwa maneno ya aya ya 38 Wadonati wako sawa kabisa, lakini hata hivyo hilo haliwapi mundu mkononi, yaani kazi ya kutenganisha watu.

NEEMA: Hawapewi. Na moto tusiufute jamani, upo kwenye maandiko, aliyeonewa na akakosa haki anahitaji kujua kuna siku ya kutenganisha. Ila mwangalie Yohana Mbatizaji, Mathayo 3 anasema ajaye ana pepeto, chombo cha kupepetea nafaka, mkononi, makapi yanateketezwa, halafu sura ya 11 yuko gerezani anatuma watu kuuliza, wewe ndiye yule ajaye au tumtazamie mwingine? Mimi naona alisubiri pepeto, akasikia Yesu anakula na watoza ushuru.

ELIA: Duh. Na jibu alilopewa halina moto.

NEEMA: Halina. Vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Kwahiyo mavuno ambayo wanafunzi wametumwa ni yale ya sura ya 9, Yesu anawaona watu wamechoka kama kondoo wasio na mchungaji, anawahurumia, hapo ndo anasema mavuno ni mengi watenda kazi wachache.

ELIA: Na ukisoma sura ya 10, anawatuma wakaponye wagonjwa. Kutenganisha hakumo kwenye orodha.