Harvey Fletcher na benchi la nyuma

Naishukuru kwaya. Mmeimba kwa nguvu, jasho tumeliona. Ubeti wa pili sikupata hata neno moja, na nimekaa benchi la tatu. Fundi mitambo asinune, yeye na mimi ugomvi wetu ni wa zamani.

Nimeombwa nimkumbuke Harvey Fletcher, mwanafizikia aliyezaliwa Provo, Utah, mwaka 1884. Wasifu wake mtausoma wenyewe. Mimi nina jambo moja, na walionisikia miaka ya nyuma wanalijua: Fletcher hakumuuliza msemaji kama amesema vizuri. Alimuuliza aliyesikiliza.

Mwaka 1916 aliacha kufundisha Utah akaenda New York, kampuni ya Western Electric iliyotengeneza simu, akaanza kazi iliyokuja kuendelea katika Bell, maabara za utafiti wa simu. Wenye simu walitaka kujua kama simu zao zinafikisha maneno. Mimi na wewe tungefanyaje? "Haloo, unanisikia?" "Nakusikia!" Tumemaliza. Ndivyo tunavyofanya darasani. "Mmeelewa?" "Ndiyooo, mwalimu!" Ile ndiyo ni adabu tu, watoto wamelelewa vizuri. Haikuambii chochote kuhusu somo.

Wao walifanya hivi: mtu mmoja anasoma silabi zisizo na maana, wengine upande wa pili wanaandika walichosikia, kisha zinahesabiwa zilizofika salama. Kwa nini zisizo na maana? Kwa sababu ukiniambia "mtoto analia", hata nikipata nusu, nusu nyingine najijazia. Silabi tupu haibahatishwi kirahisi.

Tujaribu. Toeni karatasi. Nafunika mdomo kwa daftari, msije mkanisoma midomo. Fa. Si. Thu. She. Fi. Tayari? Mbele mmeandika nini? Fa, si, thu, she, fi. Safi. Nyuma kule? "Sa, fi, fu, se..." Inatosha, msicheke wenzenu. Tazameni kilichopotea. Irabu zote zimefika: a, i, u, e. Zilizobadilishana ni f, s, th, sh. Irabu zina nguvu, zinajaza ukumbi. Hizi konsonanti za kupuliza ni nyembamba na dhaifu, lakini ndizo zinazotenganisha fika na shika. Kwa hiyo mtoto wa benchi la nyuma anaweza kusikia sauti yako kipindi kizima na somo lisimfikie.

Sasa kuna mtu anasema moyoni, si apaze sauti tu? Hapana! Mwaka 1933 Fletcher na mwenzake Munson walichapisha michoro inayoonyesha kwamba sikio halipimi sauti zote sawasawa. Sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayopotea kwanza. Ukipandisha, besi inakua haraka kuliko sauti za katikati. Fundi wetu akiona maneno hayasikiki anapandisha kila kitu, besi inavimba, inazifunika zile f na s, maneno yanazidi kupotea, naye anapandisha tena. Punguza besi, ndugu yangu. Mungu si kiziwi, na majirani nao wana masikio.

Kabla ya michoro hiyo, miaka ya 1920, vilitengenezwa vipimo vya usikivu vya shule. Gramafoni inasoma tarakimu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na watoto hadi 40 kwa pamoja, kila mmoja na kisikizio chake, wanaandika. Unaangalia karatasi ya nani imekatika mapema. Watoto wangapi tumewaita wazito, tumewachapa, tumewakaririsha darasa, na hakuna aliyewahi kupima masikio yao? Msiniambie vifaa hakuna. Karatasi mnazo mkononi sasa hivi, na sauti tumepewa bure.

Naambiwa zimebaki dakika chache, kwa hiyo muziki nitaukimbiza. Tarehe 27 Aprili 1933 okestra ya Philadelphia ilipiga ikiwa kwao, na wasikilizaji wakawa Washington. Maikrofoni tatu huku, spika tatu kule, kila moja na njia yake, hata ukajua ala fulani iko kushoto au kulia. Kiongozi wa okestra, Stokowski, alikaa Washington kwenye mitambo, msaidizi wake ndiye aliyeongoza wapigaji. Mwanamuziki mkubwa akakubali kukaa upande wa wasikilizaji! Wanakwaya, mmenielewa. Na uzeeni, akiwa amerudi kufundisha Provo, Fletcher alitengeneza sauti za piano kwa mitambo, akawaita wanamuziki na wasio wanamuziki wamwambie ipi ya kweli, ipi ya bandia. Bado anauliza masikio.

Imani yake? Alikuwa mtu wa Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na akiwa New York aliongoza waumini wenzake huku akifanya kazi ya maabara. Kanisa hilo si langu, na sikuja kubishana teolojia.

Naona mkono umenyooshwa. Ni habari ya Millikan, mwalimu wake wa chuo, sivyo? Kila mwaka lazima aulize mtu. Haya, haraka. Akiwa mwanafunzi Chicago, Fletcher alinunua kipulizio cha manukato na mafuta ya saa, akaunda kifaa cha kwanza, akaona matone ya mafuta yakimetameta kama vinyota. Kazi hiyo ikapima chaji ya elektroni, yaani kiasi cha umeme kwenye chembe hiyo ndogo. Millikan akapendekeza makala ile kuu ibaki na jina lake peke yake, na Fletcher apate nyingine ya shahada. Fletcher aliumia, akakubali. Nobeli ya 1923 ikaenda kwa Millikan. Fletcher aliandika kisa hicho akaagiza kitolewe baada ya kufa kwake. Alifariki 1981, kikachapishwa 1982, na ndani yake anasema hana kinyongo na mwalimu wake. Ninyi ndio mnaomwekea kinyongo kwa niaba yake! Swali lingine tafadhali, lisilo la mafuta.