Jani Alilokula Kiwavi

Ndugu zangu, yeyote aliyewahi kuokota kiwavi shambani akajiuliza ni mtoto wa kipepeo gani ameionja shida ninayoizungumzia leo, kwa sababu vipepeo tumezoea kuwatambua kwa mabawa, na kiwavi hana mabawa. Njia ya miaka yote ni kumfuga: umpe majani ya mti uleule ulikomtoa, umsubiri awe pupa, kisha apasue gamba atoke. Mara nyingine hatoki kipepeo, bali nyigu wadogo waliokuwa wakimla kwa ndani.

Huko Guanacaste, kaskazini-magharibi mwa Kosta Rika, mwanaikolojia Daniel Janzen alianza kazi hiyo mwaka 1978, na baadaye yeye, mtafiti mwenzake Winnie Hallwachs na wenyeji waliofunzwa kazi hiyo wakafuga maelfu kwa maelfu ya viwavi, wakiandika sura ya kila kiwavi pamoja na jani alilokula. Miongoni mwao alikuwamo Astraptes fulgerator, kipepeo mwenye mng'ao wa buluu aliyepewa jina tangu 1775. Vipepeo waliokomaa walikaribia kufanana kabisa, viwavi hawakufanana. Wengine walikuwa na pete za manjano, wengine mabaka, na kila kundi lilikuwa na miti yake.

Mwaka 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, na wenzake walipendekeza kwamba kipande kimoja cha jeni ya mitokondria (vijisehemu vya seli vyenye vinasaba vyake), chenye herufi za vinasaba zipatazo 650, kitumike kutambua spishi, kama msimbopau, ile mistari inayobandikwa kwenye bidhaa, unavyoitambulisha bidhaa. Mguu mmoja mkavu wa kipepeo ulitosha. Sampuli 484 za Astraptes fulgerator zilipochunguzwa, taarifa ya 2004 ikasema huyo mmoja ni spishi zisizopungua kumi. Mtafiti wa vipepeo Andrew Brower alipinga mwaka 2006, akisema ushahidi hauvuki saba, na pingamizi lake nalichukulia kwa uzito, kwani jeni hii hurithiwa kwa mama peke yake, hivyo hueleza ukoo wa upande mmoja tu.

Lakini nani angeyaamini makundi hayo, yawe saba au kumi, bila daftari la wafugaji? Leo kiwavi aliyekufa kabla ya kugeuka hukatwa kipande kidogo cha mwili, herufi zake zikalinganishwa na za kipepeo aliyefugwa, akatambulika, mradi vinasaba vilivyosomwa visiwe vya nyigu aliyemo ndani yake. Na zile spishi kumi, kabla ya kupata majina rasmi, ziliitwa kwa vifupisho ambavyo vingi vilitokana na mimea: CELT, kwa mfano, ni yule ambaye viwavi wake hula majani ya Celtis.