Nani Anakaribishwa Kwenye Historia ya Tanga?

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupata wanachama wapya katika vikundi vyetu vya kujadili historia ya Tanga. Nikivitazama viti hivi, naona nyuso zile zile, na sote tumeshaisikia hadithi ya nyuki.

Ndiyo, ile ya Novemba 1914. Jenerali Aitken wa Uingereza anateremsha hapa Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, anawakabili na takriban 1,000, nyuki wanachafuka, Waingereza wanarudi melini. Hadithi tamu, sikatai. Ila tumeifanya kama maulidi: kila msomaji ana mahali pake pa kupaza sauti. Mgeni akija mara ya kwanza husikiliza, mara ya pili hutambua kwamba kazi yake ni kunyamaza, na mara ya tatu haji.

Kwa hiyo wanaosema tubandike matangazo zaidi wana nia njema, lakini tangazo humfikisha mtu mlangoni tu. Akishaingia anakuta tunagombania nani mwenyeji: Mdigo, Msegeju au Mbondei. Mjukuu wa Muha aliyezaliwa Makorora, hapa hapa mjini, atachangia nini hapo?

Chukueni mkonge. Wengi wetu tunajua kwa moyo kwamba mwaka 1893 Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62. Tunajua hesabu ya miche! Watu waliokuja kuukata, manamba, yaani vibarua wa mashamba, kutoka Kigoma, Songea, Njombe, hata Msumbiji, Rwanda na Burundi, tunawataja kwa sentensi moja, tena tukiwa tunatafuta viatu. Wajukuu wao ndio wamejaa Muheza, Korogwe na humu mjini. Hao ndio wanachama tunaowatafuta.

Kikundi kimoja huko Muheza kiliacha kutangaza "mada" kikauliza swali: nani kwenu aliwahi kufanya kazi korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge? Alikuja mama mmoja na kipande cha baba yake, ile kadi ya kuandikia siku za kazi, amekifunga kwenye nailoni. Karatasi imekuwa rangi ya chai, ina nafasi 30 za siku za kazi, na mbili zimeachwa tupu. Kijana mmoja akauliza kwa nini. Mama akajibu kwamba siku hizo baba yake hakumaliza kazi aliyopimiwa, na siku isiyomalizika haikuandikwa. Baada ya hapo mwalimu mstaafu aliyeandaa mhadhara hakupata nafasi ya kuutoa. Watu walikuwa wanaelezana jinsi ya kukata ule mwiba wa ncha ya jani, na nani alipoteza vidole kwenye mashine. Mkutano uliofuata, waliokuja na bibi zao walikuwa vijana.

Angalizo moja, na hili nalisisitiza: msichukue kitu cha mtu. Picha, kipande, barua, vyote vipigwe picha kwa simu pale pale mezani, mwenyewe akitazama, arudi navyo. Familia nyingi zimeshaazima picha kwa watafiti na hazijaziona tena. Kazi hiyo ya simu wapeni vijana. Kijana mwenye kazi hasinzii.

Kuhusu saa, tuwe wakweli. Tunakutana baada ya Isha, kwenye baraza ambazo mwanamke akikaa anatazamwa, kisha tunalalamika kwamba akina mama hawapendi historia. Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wa shule, watakuja.

Na wale wetu wenye tabia ya kumsahihisha mzungumzaji mwaka alioutaja kabla hajafika kituoni (mnajijua, nami nimo) tuandike sahihisho kwenye karatasi, tulisome mwishoni.

Ngamiani, hapa mjini, barabara zake zina namba, kwa hiyo mpango ni rahisi: kila mkutano barabara moja, na msemaji awe mkazi wake, fundi cherehani au muuza kahawa, si mimi wala mwenyekiti. Tuna mikutano miwili kabla ya Ramadhani. Naomba wa kwanza, kabla hatujaanza Ngamiani, tuupeleke Makorora, na ajenda tuwaachie wao.