Simbilisi Anaponyonyoka Manyoya

Wapenzi wa simbilisi, asanteni kwa kuja. Nianze na kipara ambacho si ugonjwa. Mfunueni simbilisi nyuma ya sikio: kuna kisehemu kisicho na manyoya. Kazaliwa nacho, na wenzake wote wanacho. Huwa naletewa wagonjwa wa kipara hicho, nami namrudisha mwenye mnyama nyumbani akijicheka.

Vipara vingine vyote nina swali moja kwanza: anajikuna, au hajikuni?

Kwa anayejikuna, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni utitiri. Upo ule unaochimba ndani ya ngozi, Trixacarus caviae kwa jina la kitaalamu, na hauonekani kwa macho matupu. Huo ni balaa. Manyoya yanatoka mabegani, mgongoni na mapajani, ngozi inakuwa nene yenye magamba, na mnyama anajikuna mpaka damu. Wengine ukiwagusa tu wanaanguka na kutetemeka, mwenye mnyama anadhani ni kifafa kumbe ni mwasho uliopita kiasi. Watu huniambia, "Lakini daktari, sijaingiza mnyama mpya, utitiri utoke wapi?" Utatoka humohumo. Huweza kukaa kimya mwilini muda mrefu, ukaibuka siku mnyama amedhoofika kwa mimba, uzee, hofu au lishe duni.

Dawa zipo, ivamektini ni mojawapo. Hupimwa kwa uzito wa mnyama na kurudiwa baada ya siku kadhaa, kwa sababu huua wadudu ikayaacha mayai. Wanaoishi naye nao hutibiwa, hata wasiojikuna. Hapa nitakuwa mkali kidogo: msichukue dawa ya viroboto vya mbwa mkakadiria tone. Mnyama wa takribani kilo moja hakadiriwi.

Chawa ni rahisi zaidi. Mnawaona wakitembea kati ya manyoya, na chawa wa simbilisi hawahamii kwa binadamu. Choa, kinyume chake, huhamia kwa binadamu. Mara nyingi huanzia usoni, puani na kuzunguka macho na masikio, kikiacha mabaka yenye magamba, na mwasho wake huwa mdogo au haupo kabisa. Kwa hiyo swali langu la kujikuna linakwama hapo, nakiri. Mkiona kipara cha usoni, vaeni glavu na watoto wasimbebe kwanza.

Sasa asiyejikuna. Jike aliyepita mwaka mmoja, manyoya yanapungua mbavu zote mbili, kushoto sawa na kulia, kana kwamba kanyolewa na kinyozi makini. Ngozi ni safi kabisa. Huyo namshuku ana vifuko vya maji kwenye ovari, na chuchu zikiwa na magamba nashuku zaidi. Sabuni na mafuta havitamsaidia. Tiba ni upasuaji au homoni. Mwenye mimba pia manyoya humpungua karibu na kuzaa, na mimba yenyewe ni ndefu, siku 59 hadi 72. Akizaa na kupumzika yanarudi. Anayebebeshwa mimba mfululizo hapati huo muda.

Kuna na kipara cha meno. Pitisheni kidole: mkihisi vishina vifupi, manyoya hayakung'oka, yamekatwa. Nani kayakata? Simbilisi hawezi kufikia kichwa na shingo yake mwenyewe, basi kipara kikiwa huko, mhalifu ni mwenzake. Kikiwa ubavuni tu, huenda anajitafuna. Ongezeni nyasi kavu na nafasi kabla ya kuwatenganisha.

Vitamini C nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu husingiziwa kila kitu. Ni kweli simbilisi, kama sisi, hawezi kuitengeneza mwilini. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo kwa siku, na ikitiwa kwenye maji huharibika upesi. Ikipungua manyoya yanakakamaa, fizi zinatoka damu, viungo vinauma. Ila mwenye kipara na mwasho msimpe pilipili hoho kwa ajili ya vitamini C yake mkangoja. Upungufu humlegeza, utitiri unamalizia.

Mkimleta, nitamkwangua ngozi kidogo na kutazama kwenye hadubini. Tafadhali msimwogeshe asubuhi hiyo ili apendeze. Mtaniosha ushahidi wangu.